Safi Si Salama: Lugha katika Kazi ya Timu za Wanafunzi za Kuboresha Maji, Kisegi na Ukanda wa Ziwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi huko Kisegi anapofunzwa darasani kwamba maji ya ziwa yanaweza kubeba ugonjwa, huwa ana safari mbili za kufanya kabla ya somo hilo kumfaa mtu wa nyumbani kwao. Safari ya kwanza ni ya miguu, kutoka shuleni hadi kwenye mtungi ulio jikoni. Safari ya pili ni ya lugha. Somo la sayansi alilipata kwa Kiingereza. Atalieleza kwa Dholuo au kwa Olusuba. Na baina ya lugha hizo, katika mabango, nyimbo, maigizo na mikutano ya hadhara, kuna Kiswahili.

Makala haya yanachunguza safari hiyo ya pili. Yanatumia matokeo ya tafiti zilizofanywa katika uliokuwa mkoa wa Nyanza, hususan kuhusu shule ambamo wanafunzi walishirikishwa katika kutibu maji ya kunywa na kuhimiza usafi. Hoja kuu ni kwamba neno ambalo timu za wanafunzi hulitegemea zaidi, yaani "safi", halitoshi kwa kazi wanayopewa, na kwamba kulitenganisha na neno "salama" ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuboresha maji. Hata hivyo, makala yanaonya pia kwamba neno sahihi pekee haliui bakteria.

Kisegi na maji yake

Kisegi iko Gwassi, kusini-magharibi mwa kaunti ya Homa Bay, upande unaoelekea Migori. Kabla ya mfumo wa kaunti kuanza mwaka 2013, eneo hili lilikuwa katika wilaya ya Suba, mkoa wa Nyanza. Nyuma yake kuna milima ya Gwassi, masalia ya volkeno kongwe ya Kisingiri. Mbele yake ni Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Wakazi wa sehemu hizi ni wavuvi, wakulima na wafugaji. Wengi wao huzungumza Dholuo, ijapokuwa asili ya jamii nyingi za hapa ni Abasuba, ambao lugha yao, Olusuba, imo miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka.

Mgeni anayetazama ziwa hili huenda akajiuliza vipi watu wanaoishi kando ya maji mengi kiasi hicho waweze kulalamikia ukosefu wa maji. Jibu liko katika historia ya karibu. Kwa mujibu wa Shapiro na wenzake (1999), kati ya Juni 1997 na Machi 1998 hospitali za mkoa wa Nyanza ziliripoti wagonjwa 14,275 wa kipindupindu waliolazwa, na vifo 547. Watafiti hao walipowalinganisha wagonjwa na watu wasiougua, walibaini mambo yaliyoongeza hatari: kunywa maji ya Ziwa Viktoria au ya kijito, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kuhudhuria karamu za matanga. Aidha, kipindupindu kilijitokeza zaidi kwa watu wa vijiji vinavyopakana na ziwa.

Matokeo hayo yanagusa kiini cha maisha ya jamii. Ziwa ndilo linalotoa omena na mbuta. Kula pamoja ndiyo alama ya ujirani. Nayo matanga ni wajibu ambao mtu mwema haukwepi. Elimu ya maji katika ukanda huu kwa hivyo haiwezi kuwa orodha ya makatazo. Sharti imwezeshe mtu kuendelea kuvua, kula na wenzake na kuzika wafu wake, ila kwa namna isiyomletea mauti. Elimu ya aina hiyo inahitaji maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu.

Kazi ya timu za wanafunzi

Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2003, shule zilijaa wanafunzi, na haja ya maji ya kunywa na ya kunawa ikaongezeka vivyo hivyo. Katika miradi ya maji shuleni, utaratibu wa kawaida ni huu: walimu wachache hupewa mafunzo, nao huunda klabu ya wanafunzi. Wanachama wa klabu hujaza vyombo vyenye kifuniko na mfereji, hutia dawa ya klorini, huhakikisha kwamba kuna maji na sabuni karibu na vyoo, na huwafundisha wenzao kwa nyimbo, ngonjera na maigizo. Matarajio ni kwamba yale wanayoyafanya shuleni watayapeleka nyumbani.

Je, matarajio hayo hutimia? Utafiti wa O'Reilly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulipima jambo hilo katika shule tisa za Nyanza. Kabla ya mradi, asilimia 21 ya wanafunzi walijua namna sahihi ya kutibu maji. Baadaye walifikia asilimia 65. Katika muhula wa Septemba hadi Novemba, utoro katika shule hizo ulipungua kwa asilimia 35 kati ya mwaka 2004 na 2005, ilhali katika shule jirani zisizokuwa na mradi uliongezeka kwa asilimia 5. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini wazazi waliosema kwamba wanatibu maji nyumbani waliongezeka kutoka asilimia 6 hadi 14 tu.

Takwimu hizi zinastahili kusomwa kwa makini. Ujuzi wa mtoto uliongezeka takriban mara tatu. Desturi ya mzazi pia iliongezeka zaidi ya mara mbili, jambo ambalo si haba, lakini nyumba nyingi zilibaki vilevile. Baina ya mtoto anayejua na mtungi usiotiwa dawa kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalopaswa kuelezwa.

Mradi mkubwa zaidi, uliojulikana kama SWASH+, ulianza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa shirika la CARE, Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, Chuo Kikuu cha Great Lakes cha Kisumu na wadau wengine. Shule 185 zilihusishwa katika jaribio lake, zikiwemo za wilaya ya Suba. Freeman na wenzake (2012) waliripoti kwamba kwa jumla mradi haukupunguza utoro. Hata hivyo, katika maeneo mawili ambayo hayakuathiriwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, shule zilizopata elimu ya usafi na dawa ya maji zilishuhudia uwezekano wa wasichana kukosa shule ukipungua kwa asilimia 58. Ni dhahiri kwamba maji ni suala la elimu ya msichana, si la afya peke yake.

Safi na salama: tatizo la istilahi

Kiswahili kilipokea maneno "safi" na "salama" kutoka Kiarabu. Katika asili yake, la kwanza hurejelea kitu kilichotulia na kuangaza, kisichochanganyika na kingine. La pili hurejelea hali ya kuepukana na madhara. Moja ni la jicho, la pili ni la matokeo. Katika matumizi ya kila siku, maneno haya mawili yamefuatana mno hivi kwamba "maji safi na salama" husikika kama kitu kimoja kilichotajwa mara mbili kwa ajili ya mkazo. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inapompa kila mtu haki ya maji ya kutosha, inataja sifa zote mbili, usafi na usalama. Waliotunga kifungu hicho hawakuwa wakirudiarudia maneno, kwani sifa hizo ni mbili tofauti.

Tofauti hiyo inaweza kuonyeshwa kwa mifano mitatu. Kwanza, maji ya kidimbwi yaliyochujwa kwa kitambaa na kuachwa yatuame huweza kung'aa yakiwa bado yana bakteria wa kuharisha: ni safi, si salama. Pili, maji yaliyochemshwa barabara yakiwa na rangi ya udongo huenda yasimdhuru mnywaji kwa ugonjwa wowote wa kuambukiza, ingawa jicho linayakataa. Tatu, maji ya kisima kirefu katika baadhi ya maeneo ya miamba ya volkeno nchini Kenya huwa maangavu na yasiyo na vijidudu, lakini yamebeba madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maji hayo huharibu meno na, yakizidi, mifupa. Klorini haiondoi floridi, na kuchemsha hakuiondoi pia.

Mwanafunzi akisema "maji haya si safi" kuhusu maji ya mfano wa kwanza, amesema uongo bila kukusudia, na msikilizaji ana macho ya kumkosoa. Tatizo halitoweki akihamia Dholuo. Katika lugha hiyo maji ni pi, na kivumishi ler hubeba maana ya uangavu pamoja na ya usafi. Hivyo anayefasiri "maji safi" kuwa pi maler amehamisha utata badala ya kuutatua.

Istilahi ya pili yenye mashaka ni "kutibu". Anayetibiwa kwa kawaida ni mgonjwa, na kinachomtibu ni dawa. Tunaposema "kutibu maji kwa dawa", msikilizaji anaweza kufahamu kwamba dawa hiyo ni ya kunywewa na anayeumwa, na kwamba asiyeumwa haihitaji. Katika Dholuo, neno yath lina maana ya mti na ya dawa, kwa hivyo nalo humrudisha msikilizaji kwenye uganga na uponyaji. Kitenzi "kutakasa" nacho kina harufu ya ibada. Pengine maelezo ya wazi, kama vile "kuua vijidudu vilivyomo majini", yanafaa zaidi kuliko istilahi moja inayopotosha.

Tafsida na adabu

Kipimo kinachotumiwa sana kuchunguza maji ya kunywa ni kuwepo kwa bakteria aitwaye E. coli. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba asipatikane kabisa katika mililita 100 za maji. Sababu ni moja: bakteria huyu huishi matumboni mwa binadamu na wanyama, na akionekana majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia humo. Huo ndio ujumbe wenyewe, na ndio ujumbe ambao adabu ya Kiswahili, kama ya Dholuo, inauzuia mdomoni mwa mtoto.

Kiswahili kina ngazi za kutaja jambo hili. "Mavi" ni neno zito lisilotamkwa mbele ya wakubwa. "Kinyesi" ni la kitaalamu. "Haja kubwa" na "choo" ni tafsida. Lakini "choo" ni jina la jengo na pia la kinachoachwa ndani yake, kwa hivyo tafsida hiyo huzaa utata. Mwanafunzi anayetaka kuepuka lawama hukimbilia neno "uchafu", ambalo hujumuisha vumbi, majani, matope na kinyesi kwa pamoja. Msikilizaji akisikia "uchafu" huchukua kitambaa achuje, kwa kuwa hivyo ndivyo uchafu uondolewavyo.

Isitoshe, kuna suala la hadhi. Mkondo wa maarifa katika methali zetu nyingi hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Asiyesikia la mkuu ndiye avunjikaye guu. Timu ya wanafunzi inaugeuza mkondo huo. Mtoto anayemwendea bibi yake na habari za maji hana budi kuonyesha kwamba hakuja kumkosoa. Tazama mazungumzo haya mawili ya kubuni, ambayo nyumbani yangefanyika kwa Dholuo. La kwanza ni hili:

"Nyanya, mwalimu amesema maji yetu si safi."
"Si safi? Hebu njoo utazame, mjukuu wangu. Nimeyachuja mwenyewe asubuhi hii. Yanang'aa hadi chini ya mtungi unaonekana. Huyo mwalimu wako aliyaona lini?"

Hapo mazungumzo yamekwisha. Bibi ameshinda, na kwa haki. La pili linaanza kwa kumpa haki yake:

"Nyanya, haya maji umeyachuja vizuri, yamekuwa safi kweli. Ila bado hayajawa salama."
"Kwani tofauti yake ni nini?"
"Ukitia sukari kwenye chai na kukoroga, utaiona sukari?"
"Siioni, lakini imo."
"Basi, nyanya, naomba radhi kwa neno hili. Mvua ikinyesha huosha kinyesi cha ng'ombe na cha watu hadi ziwani. Ukichota, hukioni, lakini kimo."
"Sasa tufanyeje?"
"Tutie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tukoroge, tufunike, tungoje nusu saa."
"Na hiyo dawa ikiisha?"

Katika mazungumzo ya pili mtoto hakuacha adabu. Aliomba radhi kisha akalitaja jambo kwa jina lake. Huo ni mbinu ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani, na ndiyo inayofaa kufunzwa badala ya kulikwepa neno. Lakini swali la mwisho la bibi linatupeleka nje ya mipaka ya isimu.

Neno lisilo na kifaa

Ingekuwa kosa kudai kwamba pengo lililodhihirika katika utafiti wa 2008 lilisababishwa na istilahi pekee. Dawa hununuliwa. Wapo pia wasiopenda ladha ya klorini. Maji yenye tope hupunguza nguvu ya klorini, kwa kuwa dawa huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu. Ndiyo maana kuchuja na kutuamisha bado kuna maana, mradi kusichukuliwe kuwa mwisho wa kazi. Wapo pia vimelea wanaoistahimili klorini lakini wakafa kwa kuchemshwa, nako kuchemsha kunataka kuni.

Vilevile maji yaliyo mema huweza kuharibika njiani. Huko Busia, Kremer na wenzake (2011) waligundua kwamba chemchemi zilipojengewa kinga, uchafuzi wa kinyesi kwenye chanzo ulipungua kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Ndoo, kikombe na mkono vilirudisha sehemu kubwa ya kile ambacho ujenzi uliondoa. Kuharisha kwa watoto kulipungua kwa takriban robo, faida ambayo haifai kudharauliwa.

Katika eneo la Homa Bay, mradi wa CARE uliotathminiwa na Makutsa na wenzake (2001) ulijaribu kutatua tatizo hilo kwa kuanzia na chombo kinachojulikana. Mtungi wa udongo, ambao watu huupenda kwa kuwa hupoza maji, ulifinyangwa upya ukiwa na mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji, ili mkono usiingie ndani. Baada ya miezi sita ya uhamasishaji, asilimia 33.5 ya nyumba zilikuwa zimeanza kutumia klorini, na asilimia 18.5 zilikuwa na mitungi hiyo mipya. Somo linalotokana na mradi huo ni kwamba ubunifu ulioheshimu desturi ulisonga mbele, japo polepole.

Onyo kali zaidi linatoka shuleni kwenyewe. Greene na wenzake (2012) walichunguza mikono ya wanafunzi katika shule za mradi wa SWASH+. Katika shule zilizojengewa vyoo vipya juu ya kupewa elimu ya usafi na dawa ya maji, wasichana walikutwa na E. coli mikononi zaidi kuliko wasichana wa shule zisizo na mradi. Choo kipya kilileta watumiaji wengi. Karatasi za chooni, maji na sabuni havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Wanafunzi hao walikuwa wamefunzwa kunawa. Neno walikuwa nalo. Walichokosa ni kipande cha sabuni.

Mapendekezo kwa mwalimu wa Kiswahili

Kutokana na uchunguzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, klabu za afya shuleni zimhusishe mwalimu wa Kiswahili, si wa sayansi peke yake, ili ujumbe uandaliwe kwa lugha ambayo mwanafunzi ataitumia nje ya darasa. Pili, kila timu iandae faharasa fupi ya Kiswahili, Dholuo na, pale wazee wangali wanaizungumza, Olusuba, yenye maneno ya msingi: safi, salama, kuchuja, kutuamisha, kuchemsha, kijidudu, kinyesi. Wazee waulizwe maneno hayo. Anayeombwa neno hushiriki katika somo badala ya kuhubiriwa. Tatu, nyimbo na maigizo ya wanafunzi yapimwe kwa swali moja: je, mtazamaji ataondoka akijua la kufanya maji yanapong'aa? Sera ya Kitaifa ya Afya Shuleni ya mwaka 2009 iliwapa walimu msingi wa kazi hii.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba timu za wanafunzi katika ukanda wa ziwa zimefaulu kubadilisha ujuzi wa watoto, na kwa kiasi kidogo desturi za nyumbani. Yamedai kwamba sehemu ya pengo hilo inatokana na neno "safi" kubebeshwa mzigo wa "salama", na tafsida kuficha kile ambacho kipimo cha maji hukitafuta. Sehemu nyingine inatokana na uhaba wa dawa, sabuni na vyombo. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuwanunulia watu wa Kisegi klorini. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba siku dawa itakapofika, hakuna mtu atakayeiacha rafuni kwa sababu tu maji yake yanang'aa.

Maswali ya mjadala

1. Fafanua tofauti ya kisemantiki baina ya "safi" na "salama". Toa mifano miwili isiyohusu maji.
2. Je, tafsida huweza kudhuru? Jadili ukirejelea mazungumzo mawili yaliyotolewa katika makala.
3. Pendekeza istilahi au maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya "kutibu maji". Tetea chaguo lako.
4. Linganisha namna dhana ya maji salama inavyoelezwa katika lugha yako ya kwanza na katika Kiswahili.
5. "Neno walikuwa nalo, walichokosa ni kipande cha sabuni." Onyesha mipaka ya elimu ya lugha katika maendeleo ya jamii.